Mwalimu wa Mchezo na Haki ya Nyumba Yake

Wako watu ambao sifa zao ni nyingi nje kuliko ndani ya nyumba zao. Hatuwakusudii wanafiki, ambao nje huonyesha wema na ndani wakaficha shari; hao habari yao ni nyingine. Twawakusudia watu wema wa kweli, waliojitoa kwa ajili ya watoto wa watu, hata watoto wao wenyewe wakawa kama mayatima na hali baba yao yu hai. Watu kama hawa twawasifu wakiwa hai na twawalilia wakifa. Lakini ni mara chache kujiuliza suala hili: kile walichokitoa kilikuwa ni chao peke yao, au walikitoa na haki ya wengine imo ndani yake?

Suala hili lamhusu daktari, lamhusu mfanya biashara, lamhusu kiongozi wa chama, lamhusu hata mtu wa kheri ashindaye katika mikutano ya maslaha ya mji. Leo tumependa kulizungumza kwa mfano wa mwalimu wa mpira wa kikapu katika skuli, kwa kuwa katika kazi yake jambo hili huonekana wazi kuliko pengine, khasa msimu unapofika ukingoni.

Huenda msomaji akasema: Sisi watu wa pwani tuna nini na mpira wa kikapu? Jawabu ni kwamba tunacho kikubwa. Wasichana wa skuli ya Kaya Tiwi, huko Kwale, jina lao katika mchezo huu lajulikana Kenya nzima. Na tena, wako walimu wengi katika skuli zetu waliotoka bara, na katika hao wamo waliotoka upande wa magharibi ya nchi. Mwalimu aweza kuwa anawafundisha wana wetu hapa, jioni na asubuhi, na hali wanawe yeye wako Misikhu, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Kwa hiyo habari ya Misikhu si habari ya watu wa mbali. Mizani ya kupimia haki ni moja, hapa na huko.

Misikhu ni mji mdogo wa soko katika kaunti ya Bungoma, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Watu wake ni wakulima wa mahindi na miwa, na skuli zake, kama skuli nyingi za upande ule, zapenda sana michezo. Mwalimu wa mchezo katika mahali kama hapo si mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya mpira. Yeye ni mwalimu wa hesabu au wa jiografia kama wenziwe. Mchana hufundisha darasani, na masomo yakiisha ndipo hutwaa filimbi akaenda uwanjani. Wenziwe wanapokwenda majumbani mwao, kazi yake ya pili ndiyo kwanza yaanza.

Skuli za Kenya hucheza mashindano ya mpira huu katika muhula wa kwanza wa mwaka, baina ya Januari na Aprili. Timu huanza kushindana karibu na nyumbani, kisha hukutana timu za kaunti nzima, kisha za jimbo la Magharibi, lenye kaunti za Bungoma, Kakamega, Busia na Vihiga, kisha za taifa. Wenye kufuzu huko huendelea mpaka katika mashindano ya skuli za Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka wa 2022 yalifanywa Arusha, mwaka wa 2023 Huye katika Rwanda, na mwaka wa 2024 Mbale katika Uganda. Katika ngazi za mwisho, anayeshindwa hufunga mizigo yake akarejea kwao, anayeshinda hubakia.

Hapa ndipo penye fundo la maneno yetu. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walikaa mbali na nyumba zao miezi mingi, lakini safari zao zilikuwa na nyakati zake. Kaskazi huja na wakati wake, na kusi huja na wakati wake. Na mke aliyeachwa nyumbani alijua ni pepo zipi zitakazomrejesha mumewe. Mfanya kazi wa bandarini naye ajua zamu yake yaisha saa ngapi. Ama mwalimu wa mchezo, hana kaskazi wala kusi. Hawezi kumwahidi mkewe siku ya kurejea, kwa sababu siku hiyo haiko mikononi mwake. Akishinda leo, hatarejea kesho. Kila ushindi waongeza siku za kukosekana kwake, na kinachomrejesha nyumbani mapema ni kushindwa. Basi mke na watoto wakimwombea ashinde, wamejiombea wenyewe kukaa bila yeye; na wakitamani arejee, ni kama wametamani aaibike. Ni mtihani mzito kuwatia watu mnaopendana katika hali kama hiyo.

Wala miezi yenyewe si miepesi. Katika nchi ya Bungoma na Kitale, Machi na Aprili ndipo mvua kubwa zinapoanza na mahindi hupandwa. Shamba halingoji fainali. Mbegu iliyochelewa kutiwa udongoni haiulizi kama mwenyewe alikuwa katika jambo la kheri. Kwa hiyo timu inapokuwa Kakamega au mbali zaidi, yuko mwanamke huko nyumbani atafutaye vibarua, anunuaye mbolea, na apeleke mtoto hospitali usiku kwa pikipiki. Na kwetu sisi, katika mwaka wa 2024 na wa 2025 siku zile zile za mwisho wa msimu ziliangukia katika mwezi wa Ramadhani. Na kila mtu ajua nyumba huwaje mwenye nyumba anapokosekana wakati wa kufuturu.

Sasa na tuzitazame hoja za wale wanaomtetea mwalimu huyu, kwani si insafu kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Wanasema, kwanza, kuwa kazi yake ni kheri. Maneno haya ni kweli, nasi hatuyakatai. Mtoto wa bweni yuko mbali na wazazi wake, na aghalabu mwalimu wa mchezo ndiye mtu mzima wa pekee amjuaye kwa undani: amjua akiwa amekasirika, akiwa ameshindwa, akiwa ameumia. Wako vijana waliopata nafasi ya kuendelea na masomo kwa sababu ya mpira, na wako waliookoka na njia mbaya kwa sababu jioni zao zilikuwa na kazi. Mwenye kuudharau mchezo kwa kuwa ni mchezo, hajawatazama watoto vizuri.

Wanasema, pili, kuwa walimu wakubwa wote walifanya hivyo, na kwamba bila ya kujitoa kabisa hakuna kitu kikubwa kilichopata kusimama. Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Ni akina nani hao walimu wakubwa? Katika Kenya, mmoja wa mashuhuri wao alikuwa Carey Francis, Mwingereza aliyeacha ualimu wa hesabu huko Cambridge akaja Maseno mwaka wa 1928, kisha akaiongoza skuli ya Alliance kutoka mwaka wa 1940 mpaka 1962, na akafa mwaka wa 1966. Mwengine ni Bradha Colm O'Connell wa Ireland, aliyefika skuli ya Mtakatifu Patrick huko Iten mwaka wa 1976, akawalea wakimbiaji walioishangaza dunia, miongoni mwao David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka wa 2012. Watu hawa wametenda makubwa, na aliyetenda jambo jema hanyimwi sifa yake. Lakini Carey Francis hakupata kuoa maisha yake yote. Na Bradha Colm ni mtu wa chama cha watawa, ambao nadhiri yao ni kutooa. Walichokitoa kilikuwa ni chao. Usiku wao ulikuwa wao, na jioni zao zilikuwa zao, na hapakuwa na mke wala mtoto mwenye fungu humo.

Skuli zetu zimeurithi mfano huo wa mwalimu asiye na nyumba, kisha zikampimia kwa kipimo hicho hicho mwalimu mwenye mke na watoto wanne. Akikaa uwanjani mpaka usiku, husemwa kuwa ana moyo. Akiondoka saa kumi na moja ili akawaone wanawe, husemwa kuwa hana. Hii si insafu. Na watu wa pwani ilitupasa kuijua kabla ya wengine, kwani sisi tulikuwa na mfano mwengine kabisa. Chuo cha zamani kilikuwa nyumbani kwa mwalimu, au barazani pake. Watoto wa watu walisoma pamoja na watoto wake, juu ya mkeka mmoja. Mkewe aliwajua kwa majina, na mara nyingi yeye mwenyewe akiwasomesha wasichana ndani. Hapakuwa na mlango wa kuvuka baina ya ualimu na ubaba. Hatusemi kuwa vyuo vile havikuwa na upungufu. Twasema tu kuwa mwalimu wake hakutakiwa achague.

Basi rai yetu katika jambo hili ni hii. Mtu hatoi sadaka kwa mali ya mwenziwe. Mwenye kutwaa mbuzi wa jirani akamchinja akawalisha maskini, maskini watashiba, lakini yeye hana thawabu ya kutoa, ana deni. Na wakati wa mtu aliyeoa na kuzaa ni mali ya shirika. Anapoutoa kwa watoto wa watu bila ya kuwauliza wenye fungu, watu humsifu kwa ukarimu, na waliokatwa ni wengine. Wale wanaoitwa wavumilivu huko nyumbani, mara nyingi hawakuvumilia kwa hiari yao, hawakuulizwa.

Ni mashuhuri kisa cha Salman alipomzuru nduguye Abu Dardai, akamkuta mkewe hana hata hamu ya kujipamba, kwa kuwa mumewe ameshughulika mchana kwa kufunga na usiku kwa kusali. Salman alimlazimisha kula na kulala, kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman. Tazama ya kuwa kilichomshughulisha Abu Dardai na nyumba yake kilikuwa ibada yenyewe. Ikiwa ibada ya sunna haiwi udhuru wa kuidhulumu nyumba, kikombe cha fedha kitakuwaje udhuru?

Lakini itakuwa tumeyafanya mambo mepesi kupita kiasi tukisema tu: aende nyumbani. Iko siku ngumu. Tuseme timu imefika nusu fainali, nayo iko mwendo wa saa nane kutoka Misikhu, na simu ikalia usiku kuwa mtoto wa mwalimu yu mgonjwa hospitalini. Atafanya nini?

Mafaqihi wetu wametufundisha kutenganisha baina ya fardhi aini, ambayo hakuna amwondoleaye mtu, na fardhi kifaya, ambayo akiitenda mmoja wengine wameokoka. Kipimo hiki chafaa hapa. Kuwa baba wa mtoto yule ni jambo lisilo na badala. Hakuna mwalimu wa zamu wa ubaba. Ama kusimama kando ya uwanja na kuamua ni nani aingie na ni nani atoke, hilo laweza kutendwa na mwengine, hata kama ataliharibu kidogo. Lakini juu ya mwalimu huyo kuna jambo la tatu, nalo ni ulinzi wa wale wasichana kumi na wawili waliolala katika darasa la skuli ya ugenini. Wazazi wao walimkabidhi yeye. Hiyo ni amana, na amana haitupwi njiani; humbidi aitie katika mikono ya mtu mwaminifu kabla ya kuondoka. Akishaipata mikono hiyo, na aende, na ushindi ubakie nyuma yake. Amana ya watoto na tamaa ya kikombe ni vitu viwili, na kosa la wengi ni kuvichanganya, wakadhani kuwa wamekaa kwa ajili ya watoto na kumbe wamekaa kwa ajili ya kikombe.

Na kikombe chenyewe kipimwe uzito wake. James Naismith, aliyeuanzisha mchezo huu huko Springfield katika Marekani mwezi wa Disemba 1891, alikuja kuwa mwalimu wa timu ya chuo kikuu cha Kansas, na mechi alizoshindwa huko zilikuwa nyingi kuliko alizoshinda. Hata hivyo heshima yake haikupungua kitu.

Huko Marekani msimu wa vyuo vikuu huishia vile vile katika mwezi wa Machi na mwanzo wa Aprili, kwa mashindano ya mtoano kama yetu, na walimu wao hulipwa mali nyingi. Lakini mali haikuwaokoa na mtihani huu. Pat Summitt, mwalimu wa wanawake wa Tennessee, alishinda mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara nane. Mwezi wa Septemba 1990 uchungu wa kuzaa ulimshika akiwa Pennsylvania, alikokwenda kumtafuta mchezaji. Akapanda ndege haraka kurejea, na mwanawe Tyler akazaliwa kwao Tennessee. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka na kumsifu. Sisi twaona ndani yake jinsi kazi inavyoweza kumfuata mtu mpaka katika saa ambayo haipaswi kuwa ya kazi. Lakini insafu yatutaka tuseme na la pili: mtoto yule hakuachwa nyumbani, alilelewa katika safari za timu, na wachezaji wakawa kama dada zake. Mwaka wa 2011 mama huyo alitangaza kuwa ameshikwa na maradhi ya kusahau, na mwaka wa 2016 akafa. Maradhi hayo hayahesabu mechi. Humwondolea mtu ushindi wake mmoja mmoja. Aliyewapa watu habari ya kifo chake alikuwa mwanawe.

Na John Wooden wa chuo kikuu cha UCLA, ambaye timu yake ilitwaa ubingwa mara kumi baina ya mwaka wa 1964 na 1975, alikuwa na ada ya kumtafuta mkewe Nell kwa macho miongoni mwa watazamaji kabla ya kila mechi kuanza, wakapeana ishara. Ni jambo dogo. Lakini lamaanisha kuwa mke yule alikuwa ndani ya kazi, hakuwa mlangoni akingoja kazi iishe.

Kutokana na haya twaona mambo matatu yampasa mwalimu wa mchezo, wa Misikhu au wa Mombasa.

La kwanza ni kuomba idhini kabla ya msimu, si kuomba radhi baada yake. Na akae na mkewe mwezi wa Januari, amweleze ukweli kuwa tarehe ya kurejea haijulikani, wapange habari ya shamba na ya karo na ya mtu wa kumsaidia. Na mke awe na haki ya kusema hapana katika baadhi yake. Kitu kilichotolewa kwa ridhaa ya wote huwa sadaka ya wote.

La pili ni kuwaingiza watu wake katika kazi kila inapowezekana, ili watoto wake wawajue wale wanaowagawia baba.

La tatu, nalo ndilo gumu zaidi, ni kuumaliza msimu unapokwisha. Wako wanaorejea kwa miili yao tu. Timu imeshindwa kwa vikapu viwili, na mwalimu akaketi nyumbani wiki tatu akiicheza tena mechi ile moyoni, mtoto akimsemesha hasikii. Huyo bado yuko safarini, na heri angalikuwa Kakamega, kwani hapo watoto wangalijua kuwa hayupo. Siku za mapumziko ni malipo ya deni, na deni hulipwa kwa uso mkunjufu.

Lakini tukisimama hapo tutakuwa tumemtwika mzigo wote mtu mmoja, nasi ndio tuliomtuma. Mkuu wa skuli atakaye kikombe na ampe mwalimu msaidizi, ili siku ya dharura pawe na mtu wa kuipokea amana. Mzazi ambaye mwanawe analelewa jioni na mtu mwengine na akumbuke kuwa jioni ile imekatwa katika nyumba ya watu. Na sisi watu wa miji tulio wepesi wa kupiga vigelegele na wazito wa kuuliza habari, siku timu yetu itakaporejea na ushindi, na tukamvisha mwalimu koja la asumini, tuwaite na mkewe na wanawe waketi mbele. Tuwaulize wao kwanza msimu ulikuwaje. Na wakitujibu kuwa ulikuwa mrefu, tusicheke, bali tutazame ni kitu gani tutakipunguza katika msimu ujao.